Uliniuliza Mje Mwezi Gani

Konde, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu sana, anamsalimu mumeo, na anauliza kama yule mdogo siku hizi anakula vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulisema: "Baba, nimepata ruhusa ya wiki sita kazini. Tuje mwezi gani, hali ya hewa ikiwa nzuri, watoto wakaijua Pemba?" Nikakujibu nitakuandikia, ukacheka, ukasema swali lenyewe jibu lake neno moja. Mimi limenikalisha barazani siku mbili. Kila nikitaja mwezi mmoja naona kitu watakachokikosa wajukuu zangu kwa kutokuwapo mwezi mwengine.

Nianze na hilo neno "nzuri". Unaikumbuka ile jioni ya vuli, ulikuwa darasa la tano au la sita, karafuu zimejaa majamvini uani, wingu likaja ghafla kutoka upande wa bahari? Mlitoka mbio wewe na kaka zako, kila mmoja kashika pembe ya jamvi, mnakunja na kuburuta mpaka ndani. Jamvi la mwisho likarowa mikononi mwetu, mama yako akaketi kizingitini akalia. Karafuu inataka jua la siku nne, tano, pengine wiki nzima, ikauke mpaka ukiikunja ivunjike. Ikirowa ikakaa na maji yake inageuka mpeta, na mpeta hauna bei. Usiku ule ule jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alikuwa anashukuru, maana muhogo wake ulikuwa umekwisha kunyauka na mvua hiyo ndiyo iliyouokoa. Asubuhi nilikutana naye msikitini, uso wake una furaha na wangu hauna, na kila mmoja alimwelewa mwenzake. Kwa hiyo ukiniuliza hali ya hewa nzuri ni lini, lazima kwanza nijue wewe una nini uwanjani siku hiyo.

Najua mumeo atapendelea Juni mpaka Agosti, kwa kuwa huko kwenu ndiyo likizo, na joto la Maskati miezi hiyo halikaliki. Mkija wakati huo mtaikuta kusi, upepo wa kusini. Mtaipenda. Anga ni safi, usiku mtajifunika shuka mbili, mvua ya mchoo inapita kidogo kidogo na kuondoka kabla nguo hazijarowa vizuri kambani. Mpunga unavunwa, wanawake wako mabondeni na visu wanakata shuke moja moja. Karafuu za mwanzo zinaanza kuwiva. Hakuna mgeni aliyewahi kuja kusi akaondoka analalamika.

Lakini kusi watoto wako wamekwisha kuionja, nawe hukujua. Ulinihadithia mlivyokwenda Salalah, kule kusini mwa Oman, mwezi wa Agosti, milima imekuwa kijani, manyunyu yanaanguka, na yule mkubwa akawa anakimbia kaachama mdomo ili ayanywe. Ule upepo mnaouita kharifu ni huu wetu. Unatoka kusini-mashariki, unapita juu ya Pemba ukitikisa minazi, unavuka ikweta, na kwa sababu dunia inazunguka unapinda kulia, hata ukifika kwenye milima ya Dhofar, huko huko Salalah, unakuja kutoka kusini-magharibi, umebeba unyevu wa bahari yote hiyo. Nilifundisha jambo hili kwa chaki miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja upepo utakaopita juu ya paa langu ungekwenda kumrowesha mjukuu wangu. Tangu uniambie, kusi ikivuma usiku nalala vizuri zaidi.

Na kaskazi, upepo wa kaskazini, nayo ni yenu. Hii inayonipiga usoni ninapoandika imetoka upande huo mlioko nyinyi. Ndiyo iliyowaleta manahodha wa Sur na Maskati mwezi wa Disemba na Januari, wakakaa, wakafanya biashara, wengine wakaoa, kisha wakangoja kusi iwarudishe. Nyanya yako mzaa mama alikuwa akisema damu yake nusu imekuja na upepo.

Vuli nitaipitia haraka, ingawa wewe ndiyo unayoikumbuka sana, kwa ajili ya karafuu. Ni kweli hakuna raha kama ile ya kukaa usiku watu wote wa nyumba, karafuu zimemwagwa katikati, tunachambua, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu, karafuu upande ule, vidole vinanata, harufu imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Ila mkarafuu hauzai sana kila mwaka. Ukizaa sana mwaka mmoja hukaa miaka mitatu, minne, ndipo uzae hivyo tena. Siwezi kukuahidi mikarafuu. Hata Pemba yenyewe haikuahidiwa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yake, na huku kwetu miti mingi ikasalimika. Tangu hapo ndiyo watu wakisema karafuu wanasema Pemba. Babu wa babu yako alirithi bei nzuri kwa sababu ya msiba wa wenzake, na katika nyumba hii jambo hilo lilikuwa likisemwa kwa sauti ya chini.

Sasa jibu lako. Njooni Machi. Njooni katikati ya Machi, mkae wiki zenu zote sita mpaka mwisho wa Aprili.

Najua utashtuka. Machi ndiyo mwezi wa joto baya kuliko yote. Kaskazi imechoka, kusi haijaja. Mabaharia wanaita tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna upande. Asubuhi unatoka huku, jioni kule, na mchana bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Kisima kimeshuka mpaka kamba inabidi iungwe. Maembe yamekwisha. Majani ya migomba yamejikunja. Hakuna kinachovunwa wala kinachopandwa. Watu wako mabarazani, wanatazama juu. Nataka watoto wayaone haya, halafu wawepo siku yatakapokatika.

Wajukuu zangu ni watoto wazuri, wana adabu, umewalea vyema. Ila kila kitu wanachokihitaji kinakuja kikihitajiwa. Maji yapo bombani, ubaridi upo kwenye mashine ukutani. Silaumu, na mimi ningekuwa na mashine hiyo Machi ningeiwasha. Lakini hawajawahi kuona watu wazima wanangoja kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayeweza kukileta. Mimi nilikiona nikiwa na miaka sita, umri wa mkubwa wako. Niliona babu yangu, mtu aliyekuwa akiogopwa na kijiji kizima, anatoka kwenda uwanjani pamoja na watu wote kusali sala ya kuomba mvua, kageuza nguo yake, kainua mikono, na mikono inatetemeka. Nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku nyengine yoyote.

Kuna kazi nyingi katika kungoja. Nitampa mkubwa kazi ya kijiti. Sisi tuko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi likielekea kaskazini na siku za mwanzo za Oktoba likirudi. Ukisimamisha kijiti wima saa sita na nusu mchana siku hizo za Machi, kivuli kinapotea chini yake. Mkifika katikati ya Machi kivuli kitakuwa kimeanza kujitokeza upande wa kusini, kifupi kama ukucha, na kila siku kitarefuka. Mvua inamfuata jua kwa nyuma, kwa wiki chache, kama mtu anayemfuata mwenye taa. Nitamwonyesha ule ukucha na kumwambia taa imeshapita, sasa tumsubiri mwenyewe.

Mdogo nitampa Kilimia. Machi na Aprili baada ya Magharibi kile kishada cha nyota kiko upande wa machweo, na kila jioni kiko chini zaidi ya jana, mpaka kufikia mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni hakionekani tena. Unayakumbuka maneno ya wazee: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kinazama ndani ya masika, kinazuka alfajiri ya Juni, kusi imeshakausha anga. Wiki zenu sita zinatosha kabisa kukiona kinavyoshuka usiku baada ya usiku. Sikumbuki kama huko Maskati taa za mji zinawaachia nyota.

Babu yako alikuwa na hesabu yake nyengine, ya miongo. Alianza Siku ya Mwaka, ile inayoangukia Julai siku hizi, akahesabu kumi kumi mpaka zitimie siku 365, na kila kazi ya shamba alikuwa anajua ni ya mwongo wa ngapi. Vijana huku wananiambia hesabu hiyo imekufa kwa sababu hali ya hewa imebadilika. Imebadilika, nitafika hapo. Lakini mwaka wa babu ulikuwa hauna ile robo ya siku. Kila miaka minne unateleza siku moja, na katika miaka 80 umeteleza siku 20, yaani miongo miwili mizima. Babu alilijua hilo kwa njia yake, kwa sababu alikuwa akimwuliza Kilimia kabla ya kuiamini hesabu. Sisi tulichukua hesabu tukaiacha nyota. Inaniuma kila nikilikumbuka, maana nilikuwa na kalamu na daftari na sikumwandika.

Na sasa nikwambie jambo ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa mwalimu kijana, nina barometa ya skuli niliyokuwa naiangalia kila asubuhi. Februari ikanyesha siku tatu mfululizo. Mvua hasa, mifereji ikajaa, vyura wakaanza. Nikachukua mbegu yote ya mpunga nikaenda bondeni. Babu yako alikuwa amekaa chini ya mwembe. Aliniambia, "Upepo bado ni ule ule. Mvua isiyobadilisha upepo si masika." Nikampita. Nilimwaga mbegu yote, nisibakishe hata pishi.

Baada ya siku ya tatu, jua. Likawaka mpaka Machi ikaingia, mpaka ikawa inakwisha. Mpunga uliota vidole viwili, ukageuka manjano, ukawa majivu. Mama yako alikuwa na mimba yako ya mwezi wa tisa. Nilikuwa natoka skuli nazunguka kwa njia ndefu ya mikorosho ili nisilione bonde.

Masika yalipokuja yalikuja usiku. Kwanza upepo ukakata kabisa, hata jani halitikisiki, kisha ukaja kutoka kusini, baridi, una harufu ya udongo wa mbali. Halafu mabati yakaanza. Kijiji kizima kikaamka, watu wanaitana gizani. Mimi nilibaki nimelala nimefumbua macho, kwa sababu sikuwa na mbegu. Alfajiri nyanya yako, mama yangu, akapanda darini akashuka na kapu. Ndani mlikuwa na mbegu pishi nane, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Alikuwa akiweka kila mwaka na hakuna aliyejua, hata mumewe. Alilitua kapu miguuni pangu akenda kuwasha moto. Hakunisema siku ile, hakunisema mpaka alipofariki.

Siku ya tatu ya masika nilikuwa bondeni, maji kifundoni, namaliza jaluba la mwisho, kipande cha mwisho cha mpunga, mtoto wa jirani akaja anakimbia akiniita. Nilifika nyumbani nina tope mpaka magotini. Mkunga akanizuia mlangoni mpaka niogeshwe. Ndipo nikakuona.

Kwa hiyo unaponiuliza mje lini, mimi sina mwezi mwengine moyoni mwangu.

Sitaki nikufiche kwamba ninaweza kuwaita halafu masika yachelewe. Vuli ya 2021 na ya 2022 zilitupa mvua kidogo sana. Ile ya 2023 ikamwaga kupita kiasi, ndio mwaka wa El Niño. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, kikaipiga Mafia, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na sisi huku tukakaa ndani tukisikiliza redio. Miaka ya nyuma hatukuwa na desturi ya kuogopa kimbunga mwezi wa Mei. Mabonde ya karibu na mikoko yameingiwa na maji ya bahari wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana. Yapo majaluba niliyoyajua yana mpunga wa kufika kiunoni, leo yana ukoga mweupe wa chumvi na kaa wanapita. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa masika kabla hayajaanza, nami huusoma neno kwa neno. Huusoma, kisha hutoka nje nikatazama upepo. Vyote viwili. Kimoja peke yake nimeshakijaribu.

Ulisema pia kwamba programu ya simu inaonyesha mvua kila siku ya Aprili, na unaogopa watoto watashinda ndani. Hilo lisikutishe. Mvua yetu ya masika mara nyingi hupiga usiku na alfajiri, ikafungua asubuhi. Kuna siku haifungui, na siku hiyo bibi yao atawakaangia muhogo. Usiku wa kwanza baada ya mvua kumbikumbi watajaa kwenye taa, na asubuhi mbawa zimetapakaa sakafuni kama maganda ya vitunguu. Njia ya kwenda bondeni itakuwa tope, wape viatu vya mpira au waache pekupeku. Vyandarua ninavyo vinne vipya. Nenda kwa daktari mapema ukamwulize kuhusu malaria, maana watoto wako wamezaliwa huko na damu yao haijaizowea. Na Ramadhani itaingia ndani ya kaskazi, kwa hiyo tutafunga katika joto na Idi tutakuwa pamoja, inshaallah, ukingoni mwa masika. Mama yako aliposikia hilo akaacha alichokuwa anakifanya.

Jambo moja tu linanifanya nikuombe iwe mwaka huu. Mkubwa wako anaanza skuli Septemba. Akishaanza, Machi si yake tena, itakuwa ya skuli kwa miaka kumi na miwili, na mimi miaka hiyo sijui kama ninayo yote.

Nitalima majaluba manne. La tano, lile dogo la chini ya mwembe, nitaliburuga niliache wazi, nisilitie mbegu. Hilo ni lao. Mbegu yao ipo darini, kwenye kapu lile lile, pishi moja na nusu. Nijulishe tarehe ya ndege mapema, maana watu watakaponiona nimeacha jaluba tupu na mvua inanyesha wataniuliza, nami nataka niwe na la kuwajibu.

Wasalaam,

Baba yako